Lini Unoe, Lini Uache: Kutengeneza Silaha Zinazochakaa Kwenye Gemu

Kutengeneza silaha kwenye gemu ni suala la kubonyeza vitufe viwili vitatu. Kazi iko kwenye kujua wakati. Ukitengeneza mapema mno unapoteza vifaa. Ukichelewa, unampiga adui kwa nguvu nusu, au silaha inakukatikia mkononi ukiwa ndani kabisa ya pango. Na wakati huo haufanani gemu hadi gemu: aliyezoea Oblivion akihamia Minecraft na mazoea yake atakula hasara, na anayetoka Minecraft akaingia Zelda atakaa na begi limejaa panga nzuri asizothubutu kuzigusa.

Aliyewahi kupalilia mikorosho Tandahimba au Newala anajua kwamba zana huchakaa kwa namna mbili. Panga hupoteza makali kidogo kidogo: asubuhi linafyeka kwa pigo moja, saa sita mchana linataka mawili. Mpini wa jembe haufanyi hivyo. Unalima nao vizuri leo, kesho na keshokutwa, kisha siku hiyo unakatika pu! Gemu nyingi za kuigiza mhusika, zile za matukio na safari, zimefuata mojawapo ya njia hizo. Chache zina njia ya tatu, ya njiti ya kiberiti: ikishawaka imekwisha, hakuna fundi.

Kujua gemu yako iko kundi gani, fanya jaribio hili. Chukua silaha ambayo haijatumika, fungua ukurasa wa mizigo, andika namba ya nguvu yake. Nenda ukapige maadui dhaifu mapigo 20 hadi 30, kisha rudi uangalie. Namba ikiwa imeshuka pamoja na mstari wa uimara, hilo ni panga. Mstari ukishuka na namba ikabaki palepale, huo ni mpini. Usipoona mstari wowote, ila ghafla unaonywa kwamba silaha inakaribia kuvunjika, hiyo ni njiti. Usiishie kwenye mapigo matano. Gemu nyingi huonyesha namba nzima tu, na mabadiliko madogo yanajificha.

Zipo pia gemu ambazo silaha haichakai kabisa. Skyrim ya 2011 na Elden Ring ya 2022 ni hivyo: fundi chuma yupo, lakini kazi yake ni kuongeza nguvu ya silaha. Fallout 4 nayo iliacha uchakavu wa bunduki, ikabakiza wa vipande vya lile vazi kubwa la chuma. Ukicheza hizo usihangaike kutafuta nyundo za akiba.

Panga: noa mapema, noa mara kwa mara

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Morrowind ya 2002. Humo nguvu inafuata uimara moja kwa moja: silaha yenye pigo la 20 ikibaki nusu ya uimara wake inapiga 10. Kila pambano unaloingia na silaha iliyochoka linahitaji mapigo mengi zaidi, na mapigo hayo nayo yanazidi kuichosha. Ndiyo maana hapa hakuna kusubiri. Kila ukipata utulivu, toa nyundo.

Oblivion ya 2006 imejenga utaratibu mzuri zaidi juu ya msingi huohuo. Unatumia nyundo za kutengenezea, na ujuzi unaohusika unaitwa Armorer. Mwanzoni nyundo zinavunjika ovyo, kwa hiyo beba kama 10 na usishangae zikiisha kwenye safari moja. Ujuzi ukifika 25, nyundo moja inadumu mara mbili. Ukifika 50, unaruhusiwa kutengeneza silaha zenye uchawi, ambazo kabla ya hapo lazima uzipeleke kwa fundi wa mjini na kumlipa. Ukifika 75, unaweza kuipandisha silaha hadi asilimia 125 ya uimara wake, na hiyo ziada inaongeza pigo. Ukifika 100, nyundo haivunjiki tena. Inabaki moja ya maisha.

Kwa hiyo kosa kubwa la mwanzoni ni kumlipa fundi kwa kila kitu. Ujuzi unapanda kwa kila pigo la nyundo lililofanikiwa, haijalishi unagonga nini. Okota deraya na kofia za chuma za maadui uliowaangusha, zigonge mpaka zikamilike, ndipo uziuze. Unapata mambo mawili: kitu kizima kinauzwa bei nzuri kuliko kibovu, na ujuzi unasogea. Fundi mwachie silaha za uchawi tu, na hata hizo ni mpaka ufike 50.

Kuna mkanganyiko mmoja unaowasumbua wengi. Upanga wa moto umetengenezwa, mstari umejaa, lakini hauunguzi. Sababu ni kwamba uimara na chaji ya uchawi ni akiba mbili tofauti. Nyundo inajaza chuma, haijazi uchawi. Chaji inarudishwa kwa mawe ya roho yaliyojazwa, au kwa kulipia huduma hiyo kwenye chama cha wachawi.

Na kwa wanaocheza gemu hizi za zamani kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba: umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, faili hilo linaweza kuharibika. Usiseivu juu ya faili lilelile kila mara. Weka matatu na uyazungushe.

Fallout: New Vegas ya 2010 ni panga pia, ila lina kizingiti, na kizingiti hicho kinabadilisha hesabu nzima. Kuanzia asilimia 75 ya uimara kwenda juu, bunduki inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Chini ya hapo pigo linaanza kupungua, na ikishuka sana inakwama wakati wa kujaza risasi. Maana yake, vitani, bunduki ya asilimia 76 ni sawa na ya asilimia 100. Anayeirudisha hadi 100 kila jioni anachoma vifaa bure, isipokuwa kama anakwenda kuiuza, maana bei inafuata uimara.

Utengenezaji wenyewe unafanyika kwa kula bunduki nyingine ya aina ileile, au inayofanana nayo. Fungua Pip-Boy, kompyuta iliyo kwenye mkono wa mhusika wako, nenda kwenye silaha, chagua unayotaka kuitengeneza, bonyeza kutengeneza, kisha chagua itakayoliwa. Pima hapo: inayoliwa ikiwa na uimara mwingi kuliko pengo lililobaki, ziada inapotea. Pengo dogo lijaze kwa bunduki bovu kabisa, pengo kubwa lijaze kwa ile yenye nafuu. Ukiwa mbali na mji na mzigo umekuwa mzito, unganisha bunduki tano mbovu ziwe mbili nzuri. Uzito unapungua zaidi ya nusu na thamani kubwa unabaki nayo.

Tatizo huja unapopata bunduki ya kipekee isiyo na mwenzake. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni vifaa vya kutengenezea silaha, vile unavyojitengenezea kwenye benchi la kazi ujuzi wako wa Repair ukifika 50. Ya pili ni uwezo uitwao Jury Rigging, unaofunguka ukiwa levo ya 14 na Repair 90. Ukishaupata, bunduki ghali inatengenezwa kwa bunduki ya bei chee ya kundi lake. Kwa anayependa silaha kubwa, hakuna uwezo mwingine kwenye gemu hiyo unaookoa fedha kama huo, na inafaa kuupangia tangu mwanzo. Jambo la mwisho: risasi za bei ya chini zilizoandikwa surplus zinachakaza bunduki haraka kuliko za kawaida. Unachookoa dukani unakilipa kwa fundi.

Ukirudi nyuma kwenye Fallout 3 ya 2008, kumbuka kwamba ujuzi wa Repair unaweka paa. Ujuzi ukiwa mdogo, hata ukiwa na bunduki kumi za kula, yako haipandi kupita paa hilo. Wengi hudhani gemu imeharibika.

Mpini: acha kwanza

Minecraft si gemu ya kuigiza mhusika kwa maana kamili, lakini inachezwa hata kwenye simu, na mfumo wake wa uchakavu una hesabu safi kuliko mingi. Upanga wa mbao una pointi 59 za uimara, wa jiwe 131, wa chuma 250, wa dhahabu 32 tu, wa almasi 1561, na wa netherite, madini ya gemu hiyo yanayodumu kuliko almasi, 2031. Pigo la kwanza na la mwisho ni sawa kwa nguvu. Mstari mwekundu haukupunguzii chochote.

Kwa hiyo hapa ile methali ya kuziba ufa usije ukajenga ukuta inakuponza. Angalia njia rahisi zaidi: kuweka zana mbili za aina moja kwenye meza ya ufundi. Unapata jumla ya uimara wa zote mbili, pamoja na nyongeza ya asilimia 5 ya uimara kamili. Sururu mbili za chuma, moja imebaki na 60 na nyingine 50, zinatoa 60 na 50 na 12, yaani 122. Lakini moja ikiwa na 200 na nyingine 150, jumla inapita 250, na kila kilichozidi kinamwagika. Kwa chuma, jumla ya zote mbili isizidi 238. Njia ya mkato: unganisha pale ambapo kila moja imeshuka chini ya nusu.

Meza ya ufundi inafuta uchawi uliotiwa kwenye zana. Kinoo nacho kinafuta, kikiacha laana tu, ingawa kinakurudishia pointi kidogo za uzoefu. Watu wameshapoteza panga nzuri kwa kutolijua hilo. Zana yenye uchawi inakwenda kwenye fuawe, basi.

Fuawe lenyewe linagharimu vipande 31 vya chuma: matofali matatu ya chuma, yaani vipande 27, na vipande vinne zaidi. Kila ukilitumia lina uwezekano wa asilimia 12 wa kupata ufa, na likipata ufa mara tatu limekwisha. Kwa wastani linadumu kazi 25. Juu yake unaweza kuunganisha zana mbili kwa nyongeza ya asilimia 12, au kuitengeneza zana kwa malighafi yake, ambapo kila kipande kinarudisha robo ya uimara kamili. Almasi moja kwenye upanga wa almasi ni pointi 390. Kuweka almasi kwenye upanga uliopungukiwa pointi 100 ni kutupa pointi 290, na almasi si kitu cha kuokota njiani.

Lakini gharama kubwa ya fuawe ni levo za uzoefu, unazolipa kwa kila kazi. Tupa la kunolea ukilipitisha kwenye panga linatoa makali na linaondoka na chuma kidogo. Panga lililonolewa miaka mingi linabaki jembamba kama kisu. Fuawe linafanya vivyo hivyo. Kila kazi inaiachia zana deni linaloongezwa kwenye kazi inayofuata, nalo linapanda hivi: kazi ya kwanza deni ni 0, ya pili 1, ya tatu 3, ya nne 7, ya tano 15, ya sita 31. Ya saba lingekuwa 63, na gemu inakataa kazi yoyote ya levo 40 na zaidi. Utaona maandishi mekundu yakisema ni ghali mno. Hapo huwezi kuitengeneza tena juu ya fuawe hata uwe na levo 100. Kila zana ina kazi sita, na kutia kitabu cha uchawi kunahesabiwa kama kazi.

Kwa hiyo tumia kazi hizo kwa mpangilio. Tuseme una upanga wa almasi na vitabu vitatu vya uchawi: Sharpness inayoongeza pigo, Unbreaking inayopunguza uchakavu na Mending inayojaza uimara. Ukivitia kimoja kimoja, upanga unatoka na deni la 7. Fanya hivi badala yake:

1. Tia kitabu cha kwanza kwenye upanga.
2. Unganisha vitabu viwili vilivyobaki kuwa kimoja.
3. Tia kitabu hicho kwenye upanga.

Kazi ni tatu zilezile, ila upanga unatoka na deni la 3. Sababu ni kwamba deni la kitu kinachotoka linafuata kile chenye deni kubwa kati ya viwili vilivyounganishwa, hayajumlishwi.

Baada ya hapo usiurudishe kwenye fuawe. Unbreaking ya daraja la tatu inafanya upanga upoteze pointi mara moja tu kwa wastani wa mapigo manne, kwa hiyo zile 1561 zinakuwa kama mapigo 6,244. Usitegemee hesabu hiyo kwenye deraya, maana huko uwezekano wa kupoteza pointi bado ni asilimia 70. Mending inachukua pointi zako za uzoefu na kuzigeuza uimara, mbili kwa kila pointi moja. Upanga uliokaribia kukatika unajaa kwa pointi kama 781. Zombi mmoja anatoa 5, hivyo ni zombi 157. Usiku mmoja hautoshi, lakini kwa anayecheza kila siku upanga unajijaza wenyewe.

Mending inakataa kufanya kazi kwa sababu mbili za kawaida. Moja, zana iko begini. Lazima uishike mkononi, au uivae, wakati zile chembe za uzoefu zinaingia. Mbili, umevaa deraya lenye Mending nalo limechakaa, na pointi zinagawanywa kwa bahati nasibu kati ya vitu vyote. Ukitaka upanga ujae haraka, vua vingine kwanza. Usiitafute Mending kwenye meza ya uchawi, haitoki humo: ipo kwa wanakijiji wakutubi, kwenye makasha na kwenye uvuvi. Na kwenye upinde haikai pamoja na Infinity, uchawi wa mishale isiyoisha, itabidi uchague.

Jambo dogo linalookoa mengi: kila zana ifanye kazi yake. Upanga ukipiga adui unapoteza pointi 1, ukivunja tofali unapoteza 2. Shoka ni kinyume: kukata mti ni 1, kupigana ni 2. Anayechimba kwa upanga na kupigana kwa shoka anatumia zana mara mbili ya mwenzake bila kujua kwa nini.

Njiti: washa

The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya 2017 imewachukiza watu wengi kwa sababu silaha zake zinavunjika haraka na karibu zote hazitengenezeki. Chuki hiyo inatoka kwenye kuzichukulia kama panga la urithi. Zichukulie kama njiti. Kila kambi ya maadui ina silaha za kuokota, na ukishinda utaondoka na nyingi kuliko ulizovunja, mradi usitumie silaha kubwa kwa adui mdogo. Kinachobana ni nafasi begini, na hiyo unaiongeza kwa mbegu za Korok, vitu vya kukusanya vilivyofichwa, ambazo ziko 900 nchi nzima. Zitafute mapema, kwa maana nafasi za mwanzo ndizo rahisi.

Onyo likitokea kwamba silaha imeharibika vibaya, usiiweke pembeni. Pigo linaloivunja linatoa madhara mara mbili. Weka pigo hilo kwa adui mkubwa, au mrushie kabisa. Miamba ya madini ipasue kwa mabomu, kwa sababu hayachakai na kila upanga unaogonga jiwe unakufa pale.

Visivyofuata kanuni hiyo ni vichache. Upanga Mkuu hauvunjiki. Unaishiwa nguvu na kurudi baada ya dakika 10. Silaha za mashujaa wanne zinaundwa upya ukipeleka malighafi: mkuki wa mapembe matatu wa Wazora, watu wa majini, kwa mfano, unahitaji mkuki wa kawaida wa Wazora, mawe 5 ya kuwashia moto na almasi 1. Almasi ni bei kubwa kwa silaha itakayovunjika tena, na kwa matumizi ya kila siku haifai.

Kwenye Tears of the Kingdom ya 2023 kuna fundi wa kweli, ingawa ni mnyama: pweza wa mawe wa eneo la Eldin. Mkaribie mpaka aanze kuvuta pumzi, dondosha silaha mbele yake, aimeze, kisha ruka pembeni maana anaitema kwa nguvu. Inatoka imejaa uimara. Kila pweza anafanya hivyo mara moja tu mpaka mwezi wa damu, usiku unaofufua maadui, upite, kwa hiyo panga safari ya kuwapitia kadhaa kwa siku moja.

Mitego ya mafundi

Dark Souls ya 2011 ni rahisi ukishamlipa fundi Andre souls 2,000, ambazo ndizo fedha za gemu hiyo, akakuuzia kisanduku cha kutengenezea: kuanzia hapo unajitengenezea kwenye kila moto wa kupumzikia. Mtego uko kwenye silaha zilizogeuzwa kuwa za kioo. Pigo lake ni kubwa, ila uimara ni mdogo sana na hazitengenezeki kabisa. Usigeuze silaha yako ya pekee. Asidi ya joka la mtaroni nayo inakula vifaa vyako, kwa hiyo akianza kutapika kaa mbali. Kwenye Dark Souls II silaha inajirudisha kila ukipumzika, isipokuwa ikivunjika kabisa, ambapo lazima ufike kwa fundi. Hapo kanuni ni moja: pumzika kabla haijafika sifuri. Matoleo ya mwanzo ya kompyuta yalichakaza silaha mara mbili kwa picha 60 kwa sekunde, hitilafu iliyorekebishwa 2015. Anayecheza nakala ya zamani isiyosasishwa bado anaweza kuiona.

Kwenye Diablo II ya 2000, fundi wa kila mji anatengeneza kila kitu kwa kitufe kimoja, na pinde hazichakai. Zingatia mambo mawili. Kifaa chenye chaji za uchawi kinatengenezwa kwa bei ya kuumiza. Ukiwa nacho, kiweke kwenye mchemraba wa Horadric, kisanduku cha kuchanganyia vitu, pamoja na jiwe la Ort kama ni silaha, au la Ral kama ni deraya, kitatoka kizima bila dhahabu. Pili, vifaa vilivyoandikwa ethereal vina asilimia 50 zaidi ya nguvu ya msingi lakini havitengenezeki. Wengi huviuza hapohapo. Usiviuze kabla ya kuangalia kama vinamfaa askari wako wa kukodi, kwa sababu vifaa anavyovaa yeye havichakai hata kidogo. Mkuki au deraya la namna hiyo, ambalo kwako lingedumu siku chache, kwake linakaa mpaka mwisho wa gemu.